Bei ya Figo la Kushoto

Sehemu ya Saba

Tulimwacha Bi Mwanakheir mlangoni mwa chumba chake mwenyewe, ufunguo bado mkononi, na futi kamba imenyooshwa sakafuni kutoka miguuni mwa kitanda chake mpaka dirishani.

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki iliyopita, atosheke na haya. Bi Mwanakheir binti Ame ni muuza mabuibui wa Darajani, Unguja, mjane, mama wa binti mmoja. Mkojo wake ulitoka na damu. Akapigwa picha ya ultrasound, akaambiwa figo lake la kushoto lina uvimbe, na uvimbe wenyewe una kila dalili ya saratani. Hospitali binafsi ya Zumaridi, iliyoko njia ya uwanja wa ndege, ikamtajia milioni ishirini na mbili. Akasema atafikiri. Alipokuwa bado anafikiri ndipo aliporudi nyumbani Kiponda mchana, akakuta wageni chumbani kwake.

"Ukuta huu utaanguka," bwana mmoja mwenye kanzu ya kijivu alikuwa akimwambia fundi. "Hapa tutapata bafu."

"Utamwangukia nani?" Bi Mwanakheir akauliza.

Fundi aliiachia futi, ikajikunja mbio. Bwana mwenye kanzu akageuka. Alikuwa Suhail, mwenye hoteli mbili Shangani, mtu mpole wa maneno na mwepesi wa kununua. Na ukingoni mwa kitanda, mikono katikati ya magoti, alikaa Makungu, kaka yake Bi Mwanakheir wa baba mmoja mama mmoja.

"Mwanakheir," akasema Makungu bila kumtazama. "Nyumba nshaiuza."

Bi Mwanakheir hakupiga kelele. Alivua viatu, akavipanga mlangoni kama kila siku, akaingia.

"Nyumba ya nani?"

"Ya baba."

"Baba kafa. Akakuachia wewe mafungu mawili, mie fungu moja. Umeuza mafungu mawili. Sasa mwambie bwana huyu fungu langu liko wapi, asije akalivunja kwa bahati mbaya."

Suhail akakohoa. "Bi Mwanakheir, mie nimeambiwa mmekubaliana. Nimetoa arubuni, milioni ishirini, mkononi mwa kaka yako, mbele ya mashahidi."

"Mashahidi walinisikia mie nikikubali?"

Suhail alimtazama Makungu, na Makungu akatazama sakafu.

"Mie si mtu wa ugomvi," Suhail akasema mwishowe. "Nipeni nyumba, au nirejeshewe changu. Ijumaa baada ya sala ntapita dukani kwako." Akamwita fundi wake kwa kichwa, wakashuka ngazi.

Hapo, msomaji, ungetegemea Bi Mwanakheir amrukie kakake. Na yeye mwenyewe alikuwa ameshayapanga maneno. Alijua Makungu ana deni la boti kule Mkokotoni. Alijua mashine ya boti imekufa tangu mfungo wa Ramadhani. Milioni ishirini mikononi mwa mtu kama huyo zina njia nyingi za kupotea.

"Pesa ziko wapi, kaka?"

"Zumaridi."

"Zumaridi wapi?"

"Hospitali, Mwanakheir. Nimezipeleka zote jana. Nimekushikia kitanda. Jumatatu unalazwa."

Bi Mwanakheir akayaacha maneno aliyoyapanga. Akakaa kwenye kiti cha mbele ya kioo, akamtazama kakake kama anamwona mara ya kwanza tangu mwaka jana.

Maana mwaka jana Makungu alimzika mkewe. Mwanapili alikuwa na donge titini. Walisema wachange kwanza, waangalie mavuno ya karafuu ya shemeji, wangoje mjomba wa Muskati. Michango ilipotimia, donge lilikuwa limeshapanda kwapani na shingoni, na daktari hakuwa na la kufanya tena.

"Nshazika mmoja kwa kungoja," Makungu akasema. "Sitozika wa pili. Nyumba ni mawe na chokaa. Baba angekuwa hai angeiuza mwenyewe."

Roho ilimuuma Bi Mwanakheir, na hakutaka kakake aone. Lakini yeye alikuwa mtu wa kwenda Dubai na kurudi kwa miaka ishirini, na hajapata kununua robota la kitambaa bila ya kulifungua.

"Nisikilize, kaka. Nna saratani, sina wazimu. Kutibiwa nataka. Sitaki kununua kitu sijaoneshwa. Zile milioni ishirini na mbili ni za nini?"

"Za kutoa figo."

"Kulitoa na nini? Nani atalitoa? Wakishalitoa, kisha?"

Makungu akapapasa mfuko, akatoa risiti tu.

"Basi kesho twende sote wawili tukaulize," Bi Mwanakheir akasema. "Ukiogopa, ogopa ukiwa umekaa pembeni yangu."

*

Kesho yake jioni, ofisi ya malipo ya Zumaridi ilikuwa baridi kama soko la samaki la kisasa. Viti vya ngozi, maua ya plastiki, televisheni isiyo na sauti. Nyuma ya meza ya kioo alikaa msichana mzuri, nadhifu, mtandio wa rangi ya zambarau, jina lake Sumaiya limebandikwa kifuani.

"Karibuni. Ahaa, Bi Mwanakheir. Kitanda chako kipo tayari. Imebaki milioni mbili tu ya kumalizia kifurushi."

"Hicho kifurushi nataka unifungulie," akasema Bi Mwanakheir. "Kina nini ndani?"

"Upasuaji wa kutoa figo kwa matundu madogo, bibi, si ule wa kupasua tumbo. Chumba chako peke yako. Siku nne. Chakula."

"Na mganga wa nusu kaputi?"

"Yeye ana ada yake."

"Haimo?"

"Haimo."

"Nikihitaji damu?"

"Tunakokotoa ikitokea."

"Haya. Uvimbe ukishatoka, si lazima upimwe ijulikane ni saratani ya namna gani na imefika wapi?"

Sumaiya alitabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limeanza kuchoka. "Unapelekwa maabara Dar es Salaam. Hiyo ni malipo ya huko huko."

"Nikiumwa siku ya tano?"

"Bibi, tuombe kheri."

"Kheri naiomba kwa Mungu. Kwako naulizia siku ya tano."

Mtu mmoja kwenye viti vya nyuma alicheka puani. Alikuwa mzee wa Jambiani, kamleta mkewe, na alikuwa amekaa pale tangu asubuhi ameshika bahasha bila kuifungua.

"Siku ya tano unalipia chumba kwa siku," Sumaiya akasema. "Na chumba cha uangalizi maalumu, ikibidi, kina bei yake. Ni kubwa kidogo."

"Na kurudi kuangaliwa? Maana niliambiwa maradhi haya hayaagi moja kwa moja, mtu anapigwa picha miaka na miaka."

"Kila ukija unalipia, bibi. Haya ni mambo ya kawaida katika hospitali yoyote ya kulipia."

"Sikatai. Mie mwenyewe nnauza kwa kulipia. Ila mteja akininunulia buibui nnamwambia mapema kuwa mtandio ni mbali." Akamgeukia kakake. "Umesikia? Ulichouzia nyumba ni mlango. Vyumba bado."

Makungu alikuwa ametoa leso, anajifuta shingo katika ubaridi ule.

Sumaiya akainama mbele, akapunguza sauti. Na tumtendee haki: hakuwa msichana mbaya, alikuwa amefundishwa kusema vile. "Bi Mwanakheir, mimi nakuona kama mama yangu. Uhai hauna bei."

"Mwanangu, nyinyi ndio mlioupa bei. Mie nauliza tu bei hiyo ni ya nini."

Kisha yule mzee wa Jambiani akasimama na bahasha yake. "Na mie nielezwe ya mke wangu," akasema. "Nilikuwa naona haya kuuliza."

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema hata yeye. Sumaiya akanyanyua simu, akaiweka chini, akainyanyua tena.

"Nataka kumwona daktari atakayenikata," Bi Mwanakheir akasema.

"Daktari utamwona siku ya kulazwa."

"Basi nalazwa sasa hivi. Hapa." Akakiegemea kiti cha ngozi, akafunga mikono kifuani, akatulia kama mtu anayengoja harusi ianze.

*

Daktari Hamid alishuka mwenyewe. Wengine wanasema aliitwa, wengine wanasema aliwasikia watu wakisemezana mpaka ghorofani. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye macho ya kukosa usingizi. Akawachukua kaka na dada mpaka chumba chake, akaiweka picha ya ultrasound mezani, akaitazama kwa muda.

"Nani kakwambia utakatwa Jumatatu?" akauliza.

Bi Mwanakheir na Makungu wakatazamana.

"Si nyinyi?" Makungu akasema.

"Mie sijasema. Hii ndiyo mara ya kwanza kuiona picha hii. Ofisi ya malipo inatoa makisio ya upasuaji wa kawaida ili mtu ajue ajipange vipi. Lakini siwezi kumpasua mtu kwa picha hii peke yake. Nataka picha ya CT, ile ya kuchomwa dawa ya kung'arisha mishipa. Nione uvimbe umekaa wapi, nione figo la pili likoje."

"Na hiyo CT imo kwenye kifurushi?" akauliza Bi Mwanakheir.

Daktari akaisukuma picha pembeni. "Haimo."

"Nilijua."

Daktari Hamid alicheka kwa mara ya kwanza, kicheko kifupi. Kisha akavuta kiti, akakaa upande wao wa meza, na akazungumza nao kama jirani. Akawaambia kuna njia mbili za kuufikia uvimbe. Ya matundu ni ghali kwa sababu ya vifaa, na raha yake ni kuwa mtu hupona upesi. Ya kupasua huuma zaidi na kovu lake refu, lakini kwa uvimbe kama huu huondosha maradhi sawasawa.

"Na wewe unapasua wapi?" Bi Mwanakheir akauliza.

"Hapa, jioni na mwisho wa wiki. Siku nyingine niko hospitali ya serikali."

"Mikono hiyo hiyo?"

"Mikono hii hii."

Makungu alikaa sawa kitini. "Daktari, mbona hatukuambiwa?"

"Mie hamjaniona mpaka leo, ntawaambia nini? Ila nisikudanganye, mzee. Kule kuna foleni. Kuna siku mashine ya nusu kaputi inagoma, kuna siku ameletwa mtu wa ajali usiku na chumba kimeshikwa. Hapa humngoji mtu. Hilo nalo lina thamani yake, na mwenye nacho anunue, si haramu."

"Nikingoja, uvimbe hautanitangulia?"

"Wiki chache, kwa ukubwa huu, hazigeuzi jambo. Ila usinifanyie wiki zikawa mwaka."

Makungu alimwangalia daktari kwa jicho la mtu anayetaka kuamini na hawezi. "Mke wangu nae tuliambiwa bado kuna wakati."

Bi Mwanakheir aliuweka mkono wake juu ya mkono wa kakake, akauacha hapo.

"Mwanapili tulingoja bila kujua tunangoja nini," akasema. "Mie nataka kujua. Daktari, CT ntaipiga wiki hii, kwa pesa ya duka. Na zile milioni ishirini za kaka yangu zirudi. Nikija kulala hapa, ntakuja nazo nikijua nnanunua nini."

*

Kurudi kwa pesa kulikuwa na vituko vyake. Ofisi ilisema mwenye kutia sahihi yuko safarini. Bi Mwanakheir akasema atamngoja. Mwenye kutia sahihi akapatikana. Alhamisi asubuhi zikaletwa pungufu, wakasema ni ada ya usumbufu. Bi Mwanakheir akauliza aliyesumbuliwa ni nani, akazikataa. Mchana zikaletwa kamili.

Ijumaa baada ya sala, Suhail alitokea Darajani. Mlolongo mzima wa maduka ya nguo ulikuwa umeshapata habari. Kina mama wauza vitenge walikaa vibarazani wakijifanya wanakunja mali. Makungu alimkabidhi arubuni yake mbele ya wale wale mashahidi.

Suhail akazitia kwenye mkoba. Hakukasirika. "Bi Mwanakheir, nyumba ile bado naitaka."

"Na mie bado naikaa."

"Ukibadilisha rai unajua nilipo."

"Na wewe ukitaka buibui la mkeo unajua nilipo. Karibu."

Vicheko vikasambaa kibarazani kote. Hata Suhail akacheka. Na kwa mara ya kwanza tangu damu ile ya kwanza, Bi Mwanakheir alikula chakula cha mchana akakimaliza.

Lakini raha ya mgonjwa, msomaji, ni ya kukopa.

*

Majibu ya CT yalitoka wiki iliyofuata. Daktari Hamid aliwaita asubuhi, hospitali ya serikali safari hii, chumba kidogo chenye feni ya kulalama. Bi Mwanakheir alikuja na kakake, na bintiye Nassra, ambaye huongoza wageni msitu wa Jozani na alikuwa ameomba ruhusa, bado amevaa sare yake ya kijani.

"Shikamoo, daktari," Nassra akasema.

"Marahaba. Kaeni."

Hakutabasamu. Akaigeuza kompyuta waione.

"Hili ni figo la kushoto. Uvimbe huu hapa. Haujatoka nje ya figo, na mapafu na maini ni safi. Hiyo ni habari njema, shikeni hiyo kwanza."

Makungu akasema alhamdulillahi kwa sauti ya chini. Bi Mwanakheir aliendelea kuitazama kompyuta. Miaka ishirini ya biashara imemfundisha kuwa anayekuambia shika hii kwanza, ana nyingine mkononi.

"Sasa tazameni la kulia."

Walitazama. Nassra ndiye aliyeona kwanza.

"Mbona dogo?"

"Dogo sana. Limesinyaa kama tende kavu. Nadhani ulizaliwa nalo hivyo, Bi Mwanakheir, na hukupata kujua kwa sababu la kushoto limekubebea kazi yote umri wako wote. Tumelipima. Kazi linayofanya ni kidogo mno, karibu na hakuna."

Feni ikalalama. Nje mtu aliita jina la mgonjwa, mgonjwa akaitika naam.

"Nieleze pole pole," Bi Mwanakheir akasema. "Kile kifurushi cha Zumaridi. Kilikuwa cha kutoa figo la kushoto lote."

"Lote."

"Wangelitoa."

"Mie nisingelitoa bila ya picha hii. Lakini si mimi peke yangu daktari mwenye kisu." Alivua miwani, akaifuta. "Lingetolewa lote, ungeamka huna figo. Ungekuwa mtu wa kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kila wiki, mpaka mwisho wa umri wako."

"Na hiyo mashine bei yake?"

"Ukienda kwa kulipia, hiyo bei haina mwisho. Nyumba ya Kiponda ingeisha, na duka lingefuata."

Makungu alisimama. Akaenda mpaka dirishani, akaushika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili.

"Nilikuwa nakununulia hayo," akasema. "Kwa nyumba ya baba. Kwa mikono yangu, Mwanakheir."

"Ulikuwa unaninunulia uhai, kaka. Umeuziwa kingine. Rudi ukae."

"Sistahili kukaa."

"Kaa, mjomba," Nassra akasema, akamvutia kiti. Makungu akakaa.

Bi Mwanakheir akamgeukia daktari. Uso wake ulikuwa umekauka, lakini sauti ilikuwa ile ile ya dukani. "Haya. Hilo lililokuwa lifanyike halijafanyika. Linalofaa ni lipi?"

"Kukata uvimbe peke yake, na kulibakisha figo. Lakini uvimbe umekaa pabaya, karibu na mshipa mkubwa wa damu."

"Unaweza?"

Daktari Hamid alichukua muda. Ni muda ule uliomfanya Bi Mwanakheir amwamini kuliko maneno yote aliyotangulia kuyasema.

"Peke yangu, sithubutu," akasema. "Yuko aliyenifundisha. Daktari Tahiya Msabah, yuko Dar es Salaam. Wiki ijayo anakuja Unguja kwa kambi ya upasuaji, hapa hapa, na wagonjwa wa kambi hawalipishwi chumba wala kisu. Orodha yake imeshajaa. Lakini jana nilimtumia picha zako, na akasema leo saa hii nimpigie nikiwa na nyinyi."

Akaiweka simu mezani, akafungua spika. Ikaita mara moja tu.

"Hamid." Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, ya haraka, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Yupo?"

"Yupo, mwalimu. Na kaka yake na bintiye."

"Bi Mwanakheir, asalaam alaykum."

"Waalaykumu salaam, daktari."

"Nimeziona picha. Mgonjwa mmoja kwenye orodha yangu ameomba kusogezwa, kwa hiyo nafasi ipo, Jumanne. Lakini sitakufungua mpaka unijibu jambo moja, na nataka unijibu wewe, si watu wako. Uvimbe umekaa juu ya mshipa. Naweza kufungua nikakuta siwezi kuutoa na figo likabaki. Ukiwa umelala hapo mezani sitaweza kukuamsha nikuulize. Nikifika hapo nifanye nini? Nitoe vyote, saratani iondoke na uishi kwa mashine? Au nifunge, nikuachie figo lako, na uvimbe wako ndani?"

"Atoe," Makungu akasema palepale. "Atoe vyote. Mashine tutaitafuta, hata kwa kuuza nguo za mwilini."

"Asitoe," Nassra akasema, karibu kwa pamoja naye. "Mama, nimewaona watu wa mashine. Asitoe. Tutafute njia nyingine baadae."

"Baadae ndiyo iliyomuua Mwanapili."

"Mjomba, huu si ugonjwa wa marehemu mkeo."

"Nimesema nataka jibu lake yeye," sauti ya kwenye simu ikasema.

Bi Mwanakheir alinyanyua kiganja, na wote wawili wakanyamaza. Huko nyuma alikuwa ameulizwa bei za mambo mengi, na hata siku moja hakuulizwa bei ya jambo hili. Aliona wazi kwamba akisema neno lolote pale, litamfuata mpaka mezani, taa zikiwaka na yeye haoni.

Akaisogeza simu karibu yake.

"Daktari Tahiya, jibu langu utalipata leo leo, kabla hujakata simu. Lakini na mie nna langu la kukuuliza kwanza. Uvimbe kama huu, uliokaa pabaya kama huu, umeshaukata mara ngapi? Na katika waliolala mezani kwako, wangapi waliamka na figo lao?"

Daktari Hamid aliinua uso ghafla. Mwanafunzi hamuulizi mwalimu wake swali kama hilo, na mgonjwa ndiyo kabisa.

Wakasikia pumzi kwenye simu, na mlango ukifungwa kwa mbali, kama mtu ameingia mahali pa faragha.

"Nimepasua watu umri wangu wote," Daktari Tahiya akasema taratibu, "na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo."

"Basi leo umeulizwa."

"Nimeulizwa. Na hunioni uso, kwa hiyo nitakwambia kweli."

Akamwambia. Zilikuwa idadi mbili fupi, moja baada ya nyingine, bila ya udhuru wala maelezo. Makungu aliziba mdomo kwa kiganja. Nassra alimshika mamake bega.

Bi Mwanakheir akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyefunguliwa robota hatimaye akaona kitambaa chote, na kasoro zake zote.

"Ahsante," akasema. "Sasa nakujibu."

Itaendelea wiki ijayo.